Kuuza khanga kwa mtu usiyemuona

Wanaotaka kuanza kuuza mtandaoni huniuliza kwanza jinsi ya kupata wafuasi. Mimi hilo naliweka mwisho. Nauza khanga kwa Instagram na WhatsApp, mzigo nauchukua kwa wauzaji wa jumla wa Mtaa wa Uhuru hapa Dar es Salaam, na kazi yenyewe hasa ni hii: mtu aliyeko Tunduma, ambaye hajawahi kuniona, atume pesa leo kwa kitambaa atakachokishika keshokutwa. Wafuasi elfu kumi wasioniamini ni watazamaji tu.

Tuanze na bei. Wengi huandika "bei njoo inbox" kwa kuogopa jirani asije akashusha yake. Jirani bei anaijua, mzigo si tunauchukua mtaa mmoja? Anayefichwa ni mteja, naye ukichelewa kumjibu ameshanunua kwingine, au ameanza kujiuliza kama bei inapangwa kwa kumtazama sura. Andika bei, tena useme ni bei ya nini. Khanga huuzwa kwa doti: vipande viwili vilivyoungana, havijakatwa wala kupindwa. Sisi tuliokulia Pwani tunaona hilo halina haja ya kuelezwa, lakini aliyezoea kununua kitenge anaweza kudhani ametajiwa bei ya kipande kimoja, au akashangaa kuletewa nguo yenye nyuzi zinazoning'inia.

Picha ndiyo inayoua biashara nyingi za khanga. Khanga ina mji, yaani sehemu ya kati, pindo lake pembeni, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na picha nyingi huonyesha rangi huku jina limekunjiwa ndani. Mnunuzi wa khanga mara nyingi anatafuta maneno kwanza. Anayetaka "Nani kama mama" ya kumpelekea mama mkwe hawezi kupokea "Hasidi hana sababu" eti kwa kuwa rangi zinafanana. Hapo umeuza ugomvi. Kila doti naipiga mara mbili, moja imetandazwa nzima na nyingine karibu kabisa na jina, kisha nayaandika maneno hayo chini ya picha ili anayeyatafuta ayapate. Piga mchana, karibu na dirisha, jua lisiingie moja kwa moja. Taa za ndani huifanya nyeupe ionekane ya njano, na kwa kisutu, ambayo uzuri wake wote ni ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, hilo si jambo dogo.

Kwenye malipo, matapeli wametuharibia sana. Nani hajawahi kupata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Kwa hiyo ukimpa mteja namba binafsi yenye jina ambalo halijui, moyo unamdunda, na ana haki. Lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, humwonyesha jina la biashara kabla hajaweka namba ya siri. Hakikisha jina hilo ndilo lililo kwenye ukurasa wako. Upande wetu wauzaji, angalia salio, usiangalie meseji. Meseji ya muamala yeyote anaweza kuiandika na kukutumia. Picha ya skrini ndiyo kabisa.

Makato nayo hubadilisha tabia za watu. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, wateja waliokuwa wakituma bila neno walianza kutaka kumlipa bodaboda taslimu. Ikapunguzwa mwaka huohuo, ikapunguzwa tena 2022, lakini mazoea ya "nalipa nikipokea" yakabaki. Mimi siyakatai kwa wateja wa Dar, ila nauli ya boda inalipwa kwanza. Kariakoo mpaka Tegeta si hapo mlangoni, na mteja akizima simu, kijana wa boda anakudai ya kwenda na kurudi. Aliyekwisha kulipa nauli huwa anapokea simu.

Mizigo ya mikoani inapanda basi Stendi ya Magufuli, Mbezi. Jina na namba ya mpokeaji naandika kwa makapeni kwenye mzigo wenyewe, maana karatasi ya kubandika hubanduka njiani. Risiti ya basi naipiga picha pamoja na namba ya gari, namtumia mteja kabla basi halijaondoka. Picha hiyo imeniletea wateja kuliko tangazo lolote nililolipia: mtu humwonyesha dada yake, dada naye anaagiza. Kuhusu kupaki, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019 na hii mifuko mbadala haizuii maji, kwa hiyo masika natumia boksi na seloteipu ya kutosha.

Halafu kuna daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikawa ya kusuasua. Mwenye namba za wateja kwenye daftari alipiga simu, akauza. Na hata WhatsApp ikiwa nzima, ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mpigo humfikia tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake, hivyo kila risiti ninayotuma inafuatana na ombi: "Dada, nisevu."

Faida ya kueleweka, lakini, iko kwenye sare: kitchen party, harusi, msiba, kikoba. Oda moja ya doti arobaini hupita mauzo ya rejareja ya siku nyingi, na humohumo ndimo aibu ilimo, kwa sababu arobaini lazima zifanane. Kabla sijapokea hata shilingi nauliza Uhuru zimebaki ngapi za jina hilo na rangi hiyo. Zikitosha, kamati inatoa nusu na mimi nazitoa dukani siku hiyohiyo. Wakija baadaye kutaka za kuongeza nawaambia wazi kwamba chapa mpya inaweza kuja na nyekundu iliyopishana kidogo, na kwenye picha za harusi itaonekana.