Kupanda punda na farasi bila tandiko: yanayosemwa huku Dodoma na ukweli wenyewe

Huku kwetu, kuanzia Bahi, Chamwino, Mvumi mpaka kule Kongwa, mtoto anampanda punda kabla hajajua baiskeli, na anampanda mgongo mtupu, hakuna tandiko wala hatamu, kamba ya shingoni tu na fimbo basi. Sasa kwa sababu kila mtu kakulia juu ya punda basi kila mtu ni mtaalamu, na yanayosemwa ni mengi, mengine kweli kabisa, mengine yanamuumiza mnyama kila siku na mpandaji anaumia pia. Mimi napenda sana kupanda bila tandiko, punda au farasi, na ndo maana nataka haya mambo yasemwe wazi.

"Ukipanda bila tandiko unamuonea huruma mnyama"

Hii ndo inaongoza. Watu wanaona tandiko ni mzigo, kwahiyo ukilitoa mnyama anapumua. Sawa, kilo kadhaa zimetoka, ila uzito wako wewe umeenda wapi? Ukikaa mgongo mtupu unakalia ile mifupa miwili ya makalio, na sehemu kubwa ya uzito inaingia kwenye vieneo viwili vidogo, jirani kabisa na uti wa mgongo. Tandiko linalomkaa mnyama vizuri kazi yake kubwa ni kuutawanya uzito kwenye nyama za pande zote mbili, alafu katikati linaacha uwazi ili uti wa mgongo usiguswe. Watafiti walishawahi kuweka vipimo vya mgandamizo kwenye migongo ya farasi wakalinganisha, na bila tandiko mgandamizo wa juu kabisa unakuwa mkubwa zaidi, japo mzigo wenyewe ni mdogo.

Sisemi tandiko lolote ni bora, maana tandiko lililobana mabega ni baya kuliko kukosa tandiko, na gunia lililokunjwa likafungwa kwa kamba ya manila chini ya tumbo nalo ni balaa lake. Ukifika kisimani angalia migongo ya punda kwa makini, utaona viduara vya manyoya meupe juu ya mgongo na ubavuni. Wengi wanadhani ni rangi aliyozaliwa nayo. Sio. Pale ngozi iliumia, ikapona, na manyoya yakaota tena yakiwa meupe, kwahiyo ule mgongo unakusomea historia yote ya kamba na mizigo aliyobebeshwa. Kwa hiyo bila tandiko ni safari fupi, mpandaji mwepesi, unashuka mara kwa mara ukatembea naye, na blanketi nene chini linasaidia kidogo ila halifanyi kazi ya tandiko.

"Punda anabeba yeyote"

Kipimo kinachotumika sana kwa farasi ni kwamba mpandaji na vifaa vyake wasizidi kama asilimia 20 ya uzito wa mnyama, yani farasi wa kilo 500 anabeba kama kilo 100 hivi. Haya, punda wetu wa huku wengi wako kwenye kilo 120 mpaka 150, fanya hesabu mwenyewe. Uingereza, ambako punda wengi wanakula vizuri na hawasombi maji, wataalamu wanaweka kikomo cha kama kilo 50 kwa punda mzima mwenye afya. Alafu unamkuta baba mtu mzima wa kilo 80 kajiachia juu ya punda na miguu inakaribia kuburuza chini. Hapana jamani! Mtoto wa darasa la pili apande, baba atembee.

Kuna wanaojibu mbona anabeba madumu manne ya lita 20. Anabeba ndio, hizo ni kilo 80 za maji matupu na ni mzigo mzito sana kwake, ila kinachonikera zaidi ni pale mtu anapofunga madumu alafu na yeye anapanda juu. Na punda mdogo chini ya miaka 4 asipandwe kabisa, mifupa bado inakua. Punda anabeba mimba karibu mwaka mzima na kwa kawaida anazaa mmoja tu, kwahiyo ile kauli ya "akifa tutanunua mwingine" ni ya mtu asiyejua huyo mwingine anatoka wapi. Hata viongozi wa Umoja wa Afrika waliliona hilo, mwaka 2024 wakakubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi.

"Ili usianguke bana kwa magoti"

Hapa ndo raha na shida ya mgongo mtupu zinakutana. Ukibana magoti kwa nguvu mwili wako unapanda juu, makalio yanaachana na mgongo, na mnyama akiyumba kidogo unateleza kama sabuni. Alafu farasi aliyefundishwa, ukimbana kwa miguu yeye anaelewa umemwambia aongeze mwendo, kwahiyo wewe unaogopa unabana, yeye anakimbia, unabana zaidi, anakimbia zaidi, mwisho wake unaujua.

Kinachokushikilia ni mizani ya mwili. Legeza mapaja, miguu ining'inie kwa uzito wake, angalia mbele sio masikio ya mnyama, kiuno kifuate. Mnyama akitembea taratibu utasikia kabisa chini ya mapaja mbavu zinaenda kulia, zinaenda kushoto, kila mguu wa nyuma unapopiga hatua, na baada ya muda nyonga zako zinaanza kwenda zenyewe bila kufikiri. Hiyo raha kwenye tandiko huipati hivyo, kuna ngozi na sponji katikati. Asubuhi za Juni na Julai, ule upepo wa Dodoma unaokata masikio, joto la mgongo wa mnyama linapanda mpaka kiunoni.

Shida inaanza akianza mchakamchaka. Hapo unarushwa juu chini na kila ukitua unamgonga mgongoni, kwahiyo kama hujaiva baki kwenye kutembea. Na ukitaka kujishikiza shika manyoya ya shingo, usijishikize kwenye hatamu, maana ile chuma iko mdomoni mwake. Jinzi yenye mshono mnene ndani ya mapaja iache nyumbani, utanishukuru.

"Kwa punda kaa nyuma kabisa"

Sababu naielewa. Farasi ana kile kinundu mabegani kinachokuzuia mbele, punda kwake kiko chini sana, kwahiyo ukishuka korongo unateleza mpaka shingoni. Ila pale nyuma ya ubavu wa mwisho, kiunoni, hakuna mbavu za kuusaidia mgongo na ndo pahala dhaifu. Kaa mbele kidogo kwenye mbavu, na kwenye mteremko shuka. Na kupanda pia, usirukie ukaning'inia kwa tumbo huku unauvuta mgongo mzima upande mmoja, huku kwetu vichuguu na mawe vipo kila kona, msogeze pale alafu umpande taratibu.

"Punda ni mbishi, farasi ni mtiifu"

Farasi akiogopa anakimbia, punda akiogopa anasimama anapima kwanza. Ndo hivyo tu. Ila kwa asiye na tandiko tofauti hii ni kubwa, farasi anaruka pembeni ghafla kwa mfuko wa plastiki uliopeperuka na wewe unabaki hewani, punda anasimama dede na wewe unaendelea na safari kupitia kichwani kwake. Kumchapa aliyesimama kwa hofu kunamfundisha tu kwamba pale pahala ni pabaya kweli.

"Farasi hawezi kuishi Tanzania"

Anaishi, polisi wanao na kaskazini kuna watalii wanazunguka mbugani juu ya farasi. Ni kweli ana maadui wakubwa, mbung'o na ule ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika unaosambazwa na vidudu vidogo vinavyouma hasa usiku, unaweza kuua farasi 9 kati ya 10 wasio na kinga. Punda mara nyingi hata haonyeshi dalili. Chanjo ipo, na kumfungia ndani kuanzia jioni kunasaidia, ila ni gharama, ndo maana huku kati punda ametawala.

"Bila vikuku ukianguka huumii"

Nusu kweli. Mguu haunasi kwenye kikuku, yani kile cha kuwekea mguu kinachoning'inia kwenye tandiko, ukaburuzwa, hiyo ni faida ya kweli. Ila unaanguka kirahisi zaidi, na ardhi yetu kiangazi ni ngumu kama sakafu. Helmeti vaa, iwe ile ya kupandia farasi kama unaipata, na watoto wapandie kwenye mchanga wa korongo lililokauka, sio barabarani kwenye bodaboda na malori.