Vitabu vya wahafidhina vyenye saini: yanayosemwa na yalivyo

Dhana niliyoizoea kuliko zote huja na mgeni, pale anapoikuta rafu hapa Shangani, Mtwara, imejaa vitabu vya Burke, mwanasiasa wa Uingereza wa karne ya 18, Hayek, mwanauchumi aliyepinga serikali kupanga uchumi, na Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, wote wakisomwa sana na wahafidhina, yaani watu wanaoshikilia mila na wasiopenda serikali iingilie kila kitu. Akiwa na haraka husema, "Kumbe mwalimu ni bepari." Akiwa na adabu zaidi huuliza, "Mwalimu, siasa za Wazungu hizi zinatuhusu nini sisi watu wa kusini?"

Zinatuhusu sana. Mtwara hii tunayoiona, na bandari yake, ilipata msukumo mkubwa kutokana na mradi wa karanga ambao serikali ya chama cha Labour cha Uingereza iliuanzisha mwaka 1947. Karanga zilimwe Kongwa, Urambo na Nachingwea, reli itoke huku pwani hadi Nachingwea, na bandari ipokee mzigo. Mvua zilikataa, matrekta yakafia porini, na mapema mwaka 1951 mradi ukafutwa, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36. Wahafidhina bungeni London hawakuiacha nafasi ile. Kwao karanga za Tanganyika zikawa ushahidi wa nini hutokea serikali inapotaka kupanga kila kitu kutoka ofisini, na chama chao kikarudi madarakani Oktoba 1951. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na sasa inapitisha korosho. Kwa hiyo mtu wa Lindi au Mtwara anayekusanya maandishi ya kisiasa ya Uingereza ya miaka ile anakusanya pia habari za kwao. Kitabu cha Alan Wood, The Groundnut Affair, kilichotoka London mwaka 1950, si cha kihafidhina, lakini mimi siioni rafu ya mada hii imekamilika bila hicho.

Na kukusanya si kukubali. Ninaye rafiki kule Mikindani, mzee wa Ujamaa hasa, anayemweka Hayek bega kwa bega na Nyerere, kwa hoja kwamba ukitaka kulielewa Azimio la Arusha lazima umsome na anayelipinga wazo lenyewe. Sijapata sababu ya kubishana naye.

Dhana nyingine: kitabu kikiwa cha zamani, basi ni toleo la kwanza. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chukua Hayek mwenyewe. The Road to Serfdom kilitolewa na Routledge, London, Machi 1944, kisha chuo kikuu cha Chicago kikakitoa Marekani Septemba mwaka huohuo. Anayekuuzia cha Chicago akisema "toleo la kwanza" anasema kweli nusu: ni la kwanza la Marekani. La Uingereza lilichapwa wakati wa vita, karatasi ikiwa ya mgao, na kitabu kiliadimika madukani kiasi kwamba Hayek mwenyewe alikitania. Mwaka 1945 ikaja ile ya ufupisho kupitia jarida la Marekani la Reader's Digest, ikasambazwa kwa wingi, na hiyo nayo leo ina umri wa kutosha kumdanganya mtu.

Russell Kirk, mwandishi wa Marekani, ni rahisi zaidi kumkagua, na ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza. The Conservative Mind kilipotoka mwaka 1953, jina lake dogo lilisema "From Burke to Santayana". Matoleo ya baadaye yakabadilishwa kuwa "From Burke to Eliot". Ukiona Eliot kwenye ukurasa wa jina, rudisha kitabu, hata kama muuzaji anakuapia. Kwa Burke mwenyewe, mwaka 1790 peke yake hautoshi, maana kitabu chake juu ya mapinduzi ya Ufaransa kilirudiwa mara kadhaa kabla mwaka ule haujaisha. Kwa vitabu vya karibuni, fungua ukurasa wa hakimiliki utafute mstari wa tarakimu, yaani safu ya namba inayoonyesha ni chapa ya ngapi. Kwa wachapishaji wengi, 1 ikiwepo ni chapa ya kwanza. Random House kwa miaka mingi walimaliza na 2 na kuandika "First Edition" juu yake, basi usikitupe chao bure.

Saini sasa. Watu huamini kwamba wino ukiwa juu ya karatasi basi mkono wa mwandishi ulipita. Ofisi za wanasiasa wa Marekani zimetumia mashine za kusaini tangu katikati ya karne iliyopita, na makatibu nao wamesaini kwa niaba ya mabosi wao tangu zamani. Chukua kioo cha kukuzia, inamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirishani. Mkono wa mtu hukaza mwanzo, hulegea kati, na mwisho wa herufi wino hupungua. Mashine hukandamiza sawasawa mwanzo hadi mwisho, mara nyingi ikaacha nukta inapoanza na inapoishia. Saini iliyochapwa kiwandani utaiona imevunjika kuwa vidoadoa. Kisha tafuta picha ya saini nyingine ya mtu huyohuyo: zikilingana kabisa kwa kila mkunjo, ogopa, kwani hakuna anayesaini sawasawa mara mbili.

Tarehe husaidia pia. Mfano wa nyumbani, ingawa si wa kihafidhina: kumbukumbu za Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, zilizinduliwa Novemba 2019, naye akafariki Julai 2020. Nakala yenye saini yake na tarehe ya Agosti 2020 ni ya kughushi, haina mjadala.

Cheti cha uhakiki? Karatasi tu. Printa ipo kila stationari. Uliza kitabu kilitoka kwa nani, kilinunuliwa wapi, na kama risiti ipo.

Wengine husema saini ya mtu mkubwa lazima iwe mali. Thatcher alizunguka akisaini The Downing Street Years mwaka 1993, na nakala zenye saini hazijaadimika. Goldwater, seneta wa Marekani, naye alisaini kitabu chake cha 1960, The Conscience of a Conservative, ambacho inajulikana kiliandikwa na L. Brent Bozell, bado wakusanyaji wanataka saini ya Goldwater, na mimi ningetaka zote mbili kwenye nakala moja. Mara nyingi kinachopandisha bei ni ile karatasi ya nje inayofunika jalada, ambayo wengi huitupa kwa sababu imechanika. Usiitupe, na usiigundishe kwa selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kuingia ndani ya karatasi.

Ya mwisho ni yetu hasa watu wa pwani: kwamba kitabu cha thamani kifungwe kwenye nailoni na kuwekwa sandukuni. Kwa unyevu wa Mtwara huo ni mtego wa ukungu. Nailoni hufungia jasho la hewa ndani, na masika yakiisha unakuta madoa ya kahawia yameanzia pembeni yakielekea kwenye saini. Kitabu kinataka hewa. Rafu isiguse ukuta, hasa ukuta wa nje, na ngazi ya chini ibaki tupu kwa sababu ya mchwa. Jua lisifike, maana jalada jekundu hupauka likawa waridi. Mende nao hupenda gundi ya mgongoni, kwa hiyo chai na maandazi vibaki chumba kingine. Bei uliyonunulia iandike kwa penseli laini ukurasa wa mwisho, kalamu ya wino usiisogeze kabisa.