Robin Olds, rubani aliyewatega MiG

Wageni wa makumbusho yetu ya usafiri wa anga, wakiiona picha ya Robin Olds, huuliza alitungua ndege ngapi. Jibu ni 16: 12 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia na 4 Vietnam. Masharubu yake marefu, aliyoyafuga Vietnam kinyume na kanuni za jeshi la Marekani, nayo huulizwa sana. Ni mara chache mtu kuuliza alivyofanya kazi.

Olds alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1943, akapigana Ulaya akirusha ndege za kivita za P-38 na baadaye P-51. Vita vya Korea vilimpita. Mwaka 1966, akiwa kanali wa miaka 44, alikabidhiwa kikosi cha ndege za F-4 huko Ubon, Thailand. Mwanzoni hakuongoza misafara. Aliruka nyuma, chini ya marubani wadogo kwake kwa cheo, kwa kuwa wao ndio walioijua anga ya Vietnam Kaskazini.

Wakati huo MiG-21, ndege za kivita za Kisovieti zilizotumiwa na Vietnam Kaskazini, zilikuwa zikiziwinda F-105, ndege za Marekani zilizolemewa na mabomu, na Washington ilikuwa imekataza kushambulia viwanja vya MiG. Ilibidi MiG zitolewe huko kwa hila. Tarehe 2 Januari 1967, F-4 za Olds zilipita njia za F-105 kwa mwendo na kimo kilekile, zikatumia majina ya redio ya F-105 na kubeba vifaa vya F-105 vya kuvuruga rada. Mpango huo, ambao Kapteni John Stone alishiriki kuubuni, ulifaulu: MiG zilipochomoza juu ya mawingu zilikuta ndege zilizokuja kupigana nazo. Wamarekani walihesabu 7 walizotungua, wao wasipoteze hata moja. Makombora ya kwanza ya Olds mwenyewe yalikosa shabaha.

Nishani yake ya juu kabisa, Msalaba wa Jeshi la Anga, ilitokana na shambulio la Agosti 1967 kwenye daraja la Paul Doumer, Hanoi. Mimi hupima kazi yake zaidi kwa jambo lisilompa nishani. Mwaka 1971, akiwa brigedia jenerali, alikagua vikosi vya Marekani huko Thailand na kuwaambia wakubwa wake waziwazi kwamba marubani hawakufundishwa kupigana na ndege nyingine. Akaomba arudi vitani, hata kwa kushushwa cheo kuwa kanali. Alikataliwa, akastaafu mwaka 1973. Mafunzo ya aina hiyo yalikuja baadaye: mazoezi ya Red Flag, yanayowapa marubani adui wa kuigiza, yalianza Nevada mwaka 1975.