Umoja wa Kikosi Si Nyama Choma

Kila nikiitwa kuzungumza na viongozi wa platuni, yaani vikundi vya askari thelathini hivi, hakosi wa kuniambia: "Mwalimu, vijana wangu ni kama ndugu, kwa hiyo kujituma si tatizo." Na kikosi kikipoa, dawa inajulikana: nyama choma na bonanza la mpira.

Jamani, hapana. Kupendana ni kitu kimoja, kushikamana kikazi ni kingine. Mwaka 1994 watafiti wa saikolojia Brian Mullen na Carolyn Copper walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi, wakaona kinachoendana hasa na utendaji mzuri ni watu kuikamia kazi yao kwa pamoja. Urafiki ulikuwa na uzito mdogo. Askari hujituma akiamini mwenzake anaijua kazi na kwamba lengo lao ni moja. Nimeona seksheni, kikundi kidogo ndani ya platuni, ya watani wakubwa ikiingia zoezi la usiku na redio isiyo na chaji. Aliyejua alinyamaza, asimchongee rafiki yake. Umoja gani huo?

Tena udugu usio na mipaka ni hatari. Kikosi cha miavuli cha Kanada kilijivunia udugu wake. Machi 1993, huko Belet Huen, Somalia, askari wake walimtesa Shidane Arone, kijana wa miaka 16, mpaka akafa. Wenzao waliosikia vilio hawakuingilia. Mwaka 1995 serikali ikakivunja kikosi kizima.

Lipo na lile la "ukiwapa uhuru wa kuamua, nidhamu imekwisha." Waprusia, Wajerumani wa dola ya zamani ambao sijasikia mtu akiwaita walegevu, waliwafundisha maofisa wa chini kuamua papo hapo, na Helmuth von Moltke, mkuu wa jeshi lao karne ya 19, alitaka amri ibebe yale ya lazima tu. Sharti ni kuwa watu wawe wamezoeana kikazi, la sivyo kila mmoja atashika njia yake.

Wengine husema: "Askari ni askari, hamisha yeyote popote." Marekani ilifanya hivyo Vietnam: kila askari alikwenda na kurudi kwa ratiba yake ya miezi 12, na makamanda wengi walikaa na vikosi vyao takriban miezi 6. Kuzoeana kutatoka wapi?

Ushauri wangu ni uleule, na sichoki kuurudia. Zoezi likiisha, kaeni chini mlijadili siku hiyohiyo, mwenye cheo cha chini kabisa aanze kusema, kamanda awe wa mwisho. Akianza kamanda, mtaambulia "ndiyo afande" tupu.