“Tukipata kabati jingine tutapumua”: dhana potofu kuhusu nyumba iliyojaa vitu

Nyumba ikishajaa, familia nyingi humwita fundi seremala. Anapima ukuta, anapewa kazi ya kabati la milango minne linalofika darini, na juu yake nafasi ya mabegi. Asiye na pesa ya fundi hununua madeli ya plastiki yenye mifuniko na kuyasukuma uvunguni. Baada ya miezi michache kabati limejaa, madeli yamejaa, na kochi la sebuleni limerudi kuwa mahali pa kurundika nguo zilizoanuliwa. Halafu unaambiwa: “Nyumba yetu ni ndogo, tukipata kabati jingine tutapumua.”

Dhana hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inakula pesa ya familia na kuiacha palepale. Kabati halipunguzi hata kijiko. Fungua lile lililojaa: utakuta shuka za kitanda kilichokwisha kuuzwa, sare za vitenge za harusi za ndugu, sare za shule za mtoto ambaye sasa yuko kidato cha tatu, chaja za simu ambazo hazipo tena. Utakuta hata antena za televisheni za zama za analojia, ilhali Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Vyote hivyo vinasubiri mtu aseme kama vinabaki au vinatoka, na hakuna aliyesema. Kabati jipya linaongeza tu mahali pa kusubiria.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa fundi malipo ya kwanza, fanyeni hivi. Chagueni aina moja ya vitu, si chumba kizima. Tuseme shuka. Zikusanyeni kutoka kila mahali: kabatini, uvunguni, kwenye begi la juu, chumba cha watoto, kamba ya kuanikia. Ziwekeni zote juu ya mkeka mmoja. Ukipanga chumba kimoja kimoja unaona shuka nne hapa na tano kule, na kila mahali zinaonekana chache. Zikikaa pamoja ndipo mnapozishtukia.

Kisha hesabuni kwa kipimo: pea mbili kwa kila kitanda na pea moja ya mgeni. Nyumba yenye vitanda vitatu inahitaji pea saba. Zinazozidi zinatoka, mkianza na zilizochakaa katikati na zile zisizoenea godoro mlilonalo sasa. Taulo ni mbili kwa kila mtu. Chombo cha plastiki kisicho na mfuniko wake kinatoka, na mfuniko usio na chombo unatoka nacho siku hiyohiyo. Vinavyotoka vivuke geti kabla ya kulala, maana mfuko unaolala koridoni hufunguliwa asubuhi na nusu ya vitu hurudi ndani.

Fungu la “nitafikiria” ndilo linaloharibu kazi yote. Kama lazima liwepo, liwe deli moja tu, liandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Siku 30 zikipita bila mtu kulifuata, hakikisheni hamna hati wala dhahabu ndani, kisha liende.

Baada ya hapo ndipo mnaweza kujua kama kabati linahitajika kweli, na likihitajika vipimo vyake vina maana kubwa kuliko rangi ya mbao. Mafundi wengi hupiga kabati zima kwa kina kimoja cha sentimita 60. Kina hicho kinafaa upande wa kutundika, kwa sababu shati likiwa kwenye hanga huhitaji kama sentimita 55. Kwa nguo za kukunja kimezidi; sentimita 35 hadi 40 zinatosha. Zaidi ya hapo mnapanga safu mbili, na ile ya nyuma inasahaulika. Ndiyo maana mzazi hununua fulana nyeupe za shule wakati nyingine tatu zimelala nyuma ya rafu. Kati ya rafu na rafu ziwe sentimita 30. Zikiwa 45, nguo zinapandishwa juu sana, mtoto anavuta shati moja zinamwangukia zote, na tangu hapo hakuna anayekunja tena. Jazeni robo tatu ya rafu tu. Robo iliyobaki ni ya mkono kuingia na kutoka.

Kwa nyumba za pwani kuna tabu nyingine. Kabati lililojaa pomoni na kugusa ukuta wa nje halipitishi hewa, na nguo hushika koga ndani ya msimu mmoja wa masika. Liacheni sentimita 5 kutoka ukutani, na siku ya jua kavu milango ikae wazi. Msitibu harufu ya koga kwa vidonge vyeupe vya naftalini. Mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo si ya nadra katika maeneo yenye malaria, anaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu kwa kuvalishwa au kufunikwa nguo zilizohifadhiwa nayo, akapata manjano kali. Nguo na blanketi za mtoto zisikae nayo kabisa. Maboksi ya karatasi nayo si hifadhi: mende hula gundi yake na kutaga kwenye mikunjo.

“Siku moja kitafaa”

Ndoo za rangi za lita 20, madumu ya mafuta ya kupikia, matairi na makopo nyuma ya nyumba vyote hutunzwa kwa sentensi hii. Ukweli ni kwamba vinafaa tayari, ila kwa mbu. Aedes, mbu anayeambukiza dengue, hutaga kwenye vyombo vya namna hiyo, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hunata kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Mvua ikirudi yanaanguliwa, na kwenye joto la pwani mbu mzima anaweza kuruka ndani ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi: chombo kisuguliwe ndani kwa brashi, kikaushwe, kifunikwe au kigeuzwe. Ndoo inayobaki iwe na kazi inayotajika kwa jina, kama ndoo ya kudekia, ya unga au ya akiba ya maji. Isiyo na kazi auziwe mnunuzi wa chakavu.

Na betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala isitupwe kwenye shimo la kuchomea taka. Inaweza kulipuka.

“Nitavipeleka kijijini Desemba”

Desemba ikifika, basi au gari linajaa mabegi ya safari na maboksi yanabaki. Wekeni mfuko mmoja tu, wenye jina la mtu atakayepokea, na mpigieni simu kabla: “Shangazi, hii pasi inafanya kazi, unaihitaji?” Akisema hapana, mtafuteni mwingine hapohapo mtaani. Pasi mbovu, viatu vilivyoachia soli na blauzi isiyo na vifungo si zawadi. Kumpelekea bibi uchafu wenu ni kumvunjia heshima, na mimi hapa sina msamaha.

“Dada wa kazi atapanga”

Dada atakunja, atafuta vumbi, atarudisha kitu mahali pake. Hawezi kuamua kama suruali ya baba inayobana itoke, wala kama madaftari ya darasa la pili yana faida. Hivyo anahamisha rundo kutoka chumba hadi chumba, kisha analaumiwa. Mwenye kitu ndiye anayeamua. Baba aamue redio zake mbovu, mama aamue vikombe vya wageni visivyotoka kabatini, na mtoto wa miaka mitano apewe vitu viwili achague kimoja. Kamwe usitupe vya mwenzako akiwa kazini: ataanza kuficha, na kazi itakuwa ngumu maradufu.

“Mtoto akiwa na vya kuchezea vingi hatasumbua”

Kinyume chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwapa watoto wadogo mara vitu 4, mara vitu 16. Kwenye vinne walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Acheni nje vichache, vingine vikae kwenye deli, vibadilishane kila baada ya wiki mbili.

“Tutapiga kazi Jumamosi moja tumalize”

Saa nne asubuhi nyumba nzima iko sakafuni, saa kumi kila mtu amechoka na ana njaa, saa mbili usiku vyote vinasukumwa kabatini. Fanyeni dakika 40, aina moja ya vitu, mara mbili kwa wiki, na dakika 10 za mwisho ziwe za kuvitoa nje tu.

“Nyumba ikipangika, na akili itatulia”

Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine iko kwenye simu na kichwani mwa mtu mmoja, kwa kawaida mama, anayekumbuka ada, siku ya chanjo, gesi inayokaribia kwisha na mchango wa kikoba. Yapelekeni yote hayo ukutani: kalenda moja kubwa jikoni, kalamu imefungwa kwa uzi, kila mtu anaandika lake. Jumapili jioni mkae dakika 20, mpitie wiki inayokuja, na kila jambo liandikwe jina la mhusika. “Tutanunua LUKU”, yaani umeme wa kulipia kabla, haitoshi, iandikwe nani ananunua na siku gani.

Kwenye simu, tokeni kwenye makundi ya harusi zilizokwisha kufungwa, nyamazisheni yanayobaki isipokuwa la shule na la familia ya karibu, na zimeni picha na video zisijipakue zenyewe. Pangeni kiasi cha michango cha mwezi, kiandikwe kwenye kalenda ileile. Kikiisha, anayefuata ajibiwe siku hiyohiyo: “Mwezi huu hatutaweza, tutakuja kusaidia kazi.” Kisha andikeni tarehe ya kwenda.