Kazi ya kukaa na mgonjwa hospitalini Marekani

Nikiwaambia ndugu kazi yangu ni kukaa na mgonjwa wananicheka, eti unalipwa kukaa? Nalipwa ndio, ila kukaa kwenyewe ni macho kodo masaa 12. Kwenye matangazo ya kazi utaiona kama sitter au patient safety attendant, na hospitali nyingi hazidai cheti cha unesi, wanataka umemaliza sekondari, rekodi ya polisi iwe safi na uwe na kadi ya CPR (mafunzo ya kumkandamiza mtu kifua moyo ukisimama), ndo maana wageni wengi tunaanzia hapo.

Mara nyingi unapewa mzee aliyechanganyikiwa, na jioni ndo anazidi, anang'oa dripu, anataka kushuka kitandani aende kwake. Kumfunga mikono mpaka daktari atoe oda, kwa hiyo badala ya kamba unawekwa wewe. Sasa sikia, mzee akianza kuvuta vuta shuka na kuhangaisha miguu usikimbilie kumwambia tulia bibi tulia, muulize choo kisha bonyeza kengele nesi aje, maana wengi wanaanguka wakiwahi chooni. Hata mwenye mpira wa mkojo anahisi kubanwa tu, na akiuvuta na lile puto linaloushikilia kwenye kibofu likiwa bado limejaa, ni damu. Mimi nampa mataulo akunje, akimaliza nayakunjua chini chini namrudishia, mikono ikiwa bize dripu inapona.

Wengine ni waliotaka kujiua, na hapo hamna mchezo. Unakaa karibu kiasi cha kunyoosha mkono ukamfikia, chooni mlango haufungwi, waya wa chaja, mkanda, mfuko wa plastiki vyote nje, na sahani ikirudi unahakikisha kijiko kipo. Akijifunika gubigubi unamwomba atoe shingo na mikono vionekane, na kila dakika 15 unaandika anafanya nini. Piga naye stori za mpira, za misosi, ila usimhubirie, na sisi wabongo kwa kuhubiri hatujambo.

Akiomba maji muulize nesi kwanza, kuna anayesubiri operesheni na kuna ambaye akinywa yanaingia mapafuni. Kumwinua peke yako pia usijaribu, mgongo ni wako.

Simu inabaki kwenye loka. Saa tisa usiku usingizi ukija simama, na hata ukibanwa vipi hutoki chumbani mpaka aje wa kukushikia, nesi atakwambia dakika moja tu nakuja na dakika za manesi unazijua, kwa hiyo kahawa kunywa kwa akili.