Maana ya kitovu cha udhibiti

Matokeo ya kidato cha nne yametoka, vijana wawili wamepata sifuri. Mmoja anasema, "Sikusoma, nilijidanganya." Mwenzake anasema, "Mtihani ulitungwa kutukomoa." Tofauti ya kauli hizo ndiyo tunayoweza kuiita kitovu cha udhibiti: yanayokupata unaamini yanatoka wapi? Mikononi mwako, au nje yako, kwa bahati, wakubwa, kudra au mkono wa mtu?

Dhana hii ni ya mwanasaikolojia wa Marekani, Julian Rotter, ambaye mwaka 1966 alichapisha dodoso lake lenye vipengele 29. Katika kila kipengele unapewa kauli mbili, unachagua unayoiamini zaidi. Watu wengi wako katikati, na mtu huyohuyo anaweza kujiona nahodha kazini, lakini likija suala la afya akasema yote ni majaliwa.

Imani hiyo huonekana kwenye matendo. Mwenye presha anayeamini kwamba anachofanya kinaleta tofauti humeza kidonge kila siku na kupunguza chumvi. Aliyekwisha kuamini kwamba siku ikifika imefika, kidonge atakikumbukia nini? Na kuhisi kwamba huna unaloweza kubadili huambatana mara nyingi na sonona na wasiwasi.

Kinachonigusa ni jinsi udhibiti mdogo tu unavyoweza kumwinua mtu. Mwaka 1976, Ellen Langer na Judith Rodin walieleza utafiti wao katika nyumba ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kuwa maisha yao pale ni jukumu lao. Kila mmoja alijichagulia mche wa kuutunza mwenyewe, na akaamua usiku gani aangalie sinema. Wa ghorofa nyingine nao walipewa miche na sinema, ila wauguzi ndio waliomwagilia, na siku ya sinema walipangiwa. Baada ya wiki tatu, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, wakishiriki mambo zaidi. Kopo la maji mkononi mwa mzee, basi.

Lakini imani hii ina mpaka, na hapa wahamasishaji wengi hukosea. Ukimwambia mtu kila kitu kiko mikononi mwake, atajilaumu hata kwa ukame uliokausha shamba lake au maradhi yaliyomchukua mwanawe. Naye aliyebisha hodi za ajira miaka mitano bila kuitwa hata kwenye usaili, akisema hana la kufanya, tusimwite mvivu: amefundishwa na maisha.

Wahenga walisema jitihada haiondoi kudra. Kwa aliyekwisha kuhangaika, methali hiyo ni faraja, inamtua mzigo usio wake. Kwa ambaye hajaanza, inageuka kisingizio. Maneno ni yaleyale, kinachotofautiana ni wakati yanaposemwa.

Kwa hiyo ukimuuguza mtu nyumbani, hata aliyedhoofika, usimwamulie yote. Muulize dawa anataka kuinywa kabla ya chai au baada yake, ikiwa daktari hakukataza, na dirisha lifunguliwe au libaki vilevile. Akijibu, fanya alivyosema.